Hasi Tatu Jumlisha Tano

Nelida Atachagua alifuta jibu lake mara ya nne, na safari hii karatasi ikatoboka.

Mama yake, Eudosia, alikuwa upande wa pili wa meza akimenya viazi. Hakuinua kichwa, lakini alikuwa akihesabu. Mara nne. Mwezi wa tatu wa mwaka uleule, binti huyu alikuwa anamaliza ukurasa mzima wa mafumbo ya Mwalimu Rufino kabla maji ya supu hayajachemka, kisha anadai mengine. Yalikuwa mafumbo ya piramidi: matofali manne chini, matatu juu yake, kisha mawili, na moja kileleni. Kila tofali unalijaza kwa kujumlisha yale mawili yanayolibeba. Kazi ilikuwa kwenye alama. Namba nyingine chanya, nyingine hasi, na ukikosea alama moja tu huku chini, makosa yanapanda nawe hadi juu.

"Umekwama wapi?" Eudosia akauliza.

"Sijakwama."

"Na hilo tundu?"

"Kifutio hiki kibaya."

Saa tisa na robo baba yake akaingia kutoka zamu ya asubuhi. Zosimo alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, na vumbi la mgodini lilikuwa limemkaa hata kwenye nyusi. Kama kawaida yake, kabla hajavua koti alimvuta binti yake kifuani, akamsugua utosi kwa kidevu.

Zosimo aliishia darasa la nne, lakini kwetu Yanapampa, mji wa mgodi huku juu milimani, hakuna anayehitaji shule ili ajue hasi ni nini. Sifuri ni mlango wa mgodi. Kushuka ni hasi, kupanda ni chanya, na kizimba kinachowabeba wachimbaji hufanya hesabu hiyo kutwa nzima.

"Haya, mhandisi wangu," alisema. "Niko ngazi ya tatu chini. Kizimba kinanipandisha ngazi tano. Niko wapi?"

Lilikuwa swali lao la zamani. Nelida alizoea kulijibu kabla halijaisha: "Ngazi ya pili juu, baba, umesimama juu ya meza ya meneja!" Kisha wote wawili hucheka, kwa kuwa juu ya mlango wa mgodi hakuna ngazi yoyote ila ofisi ya meneja.

Siku hiyo Nelida alitazama vidole vyake.

"Nane," alisema.

"Nane wapi?"

"Nane... chini?"

Zosimo akacheka, akamsubiri naye acheke. "Unanitania, wewe."

"Sikutanii, baba."

"Basi jibu vizuri."

"Nimejibu."

Zosimo akapiga meza, bakuli la viazi likaruka. "Nimekuuliza kitu cha mtoto wa darasa la pili!"

Eudosia alifuta mikono kwenye sketi, akalivuta daftari kwake. Yeye hizo hasi na chanya hakuzijua sana, lakini namba kwa sura alizijua. Kwenye safu ya pili ya matofali kulikuwa na tarakimu mbili za tatu, na zote zimegeuka, zinatazama upande usio wake. Aliwahi kuziona tatu za namna hiyo.

"Nani kaandika hizi?"

Nelida aliinama kuangalia. "Abeli kanisaidia," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja aliye chumba cha pili.

Abeli alikuwa mdogo wake Nelida. Alikuwa na miaka sita alipofariki, miaka mitatu iliyopita, na tangu siku ya mazishi jina lake lilikuwa halijatamkwa kwenye meza ile.

* * *

Mwalimu Rufino Travezaño alimwita Eudosia shuleni Alhamisi. Alikuwa kijana wa mabondeni ambaye baridi ya kwetu ilikuwa imempasua mashavu. Mafumbo yale aliyachora mwenyewe kwa rula na kuyatoa nakala kwa mshahara wake, na kwa sababu hiyo walimu wenzake walimwita Mjenzi. Alimkalisha Eudosia kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakagonga mbao, akapanga mbele yake karatasi sita.

"Mama Nelida, sikukuita kumshitaki mtoto."

"Kama ni mvivu niambie tu, mwalimu. Nitamnyoosha."

"Mtoto mvivu haandiki. Huyu anaandika, anafuta, analia, anaandika tena." Akagusa karatasi ya kwanza. "Huu ni mwezi wa tatu. Mafumbo ishirini, amepata ishirini. Mwezi wa nne, kumi na tisa. Wa tano, kumi na nne. Hii ya juzi amepata manne."

Eudosia alitazama kutoka karatasi moja hadi nyingine. Mwandiko ulianza umesimama wima, ukalegea, ukaanza kuporomoka nje ya mistari. Katika karatasi ya sita ulikuwa mwandiko wa mtoto mdogo sana. Alijua wa mtoto gani.

"Anaumwa kichwa?" mwalimu akauliza.

"Mara kwa mara."

"Tumbo?"

"Nalo."

"Puani anatoka damu?"

"Wote hapa wanatoka damu puani, mwalimu. Ni mwinuko."

"Mimi sitoki. Na darasani ninao wengine saba kama yeye. Wote baba zao wako mgodini." Akashusha sauti, maana mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa wazi. "Nilipeleka habari hii pale ofisini. Nikaambiwa nifundishe hesabu, udaktari niwaachie madaktari. Mama, mpime damu. Nadhani ni sumu ya madini ya risasi."

Kwetu risasi ni kile kinachopakiwa kwenye treni kikiwa bado kimechanganyika na mawe, kikaenda pwani, kikapanda meli. Eudosia alikuwa ameiona ikipita maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kupakiwa ndani ya mtoto.

"Inaua?" aliuliza.

Mwalimu akakusanya karatasi zake polepole. "Mimi ni mwalimu wa hesabu tu, mama."

* * *

Kadi ya matibabu ilikuwa ya kampuni, na Zosimo hutembea nayo mfukoni. Jumapili alikuwa juu ya ngazi akipigilia bati lililong'olewa na upepo. Eudosia akasimama chini akiwa ameshika misumari.

"Nipe kadi. Nimpeleke Nelida akapimwe."

"Apimwe nini?"

"Damu."

Nyundo ikanyamaza. "Huyo Mjenzi ndiye kakujaza maneno."

"Mtoto anaandika tatu kinyume, Zosimo."

"Basi mfundishe kuziandika vizuri."

"Nipe kadi."

"Leonidas alimpima mwanawe mwezi wa pili. Mwezi wa tatu kibarua kikaota nyasi. Mkataba umekwisha, wakamwambia, na miaka kumi na moja yote ile chini! Leo anauza betri za tochi sokoni. Nikifukuzwa tutakula nini, Eudosia? Piramidi?"

"Nitafua nguo za watu."

"Nguo za nani? Za wachimbaji wenzangu?"

Alipigilia msumari mmoja, ukapinda. Akapigilia wa pili, nao ukapinda. Kisha akasema bila kumtazama mkewe, "Na ukishajua? Eh? Unataka uambiwe nini hasa? Sema."

Eudosia alifungua kinywa. Jina la mtoto wake aliyefariki lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, na hakuweza kulitoa. Zosimo akashuka, akaiacha nyundo juu ya paa, akatoka zake uani akienda upesi. Ndipo mkewe akaelewa kwamba anachoogopa mume wake si meneja tu.

Jumatatu alikwenda zahanati na Nelida, bila kadi. Nesi, mwanamke kijana aliyepaka rangi ya kucha ya waridi, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Kadi?"

"Anayo mume wangu."

"Basi aje mume wako."

"Yuko kazini. Nataka tu barua ya kwenda kupima risasi."

Hapo nesi akainua macho, na watu wote kwenye benchi nao. "Nyinyi akina mama wa huku juu mnapenda magonjwa ya kujitafutia. Mtoto anakunywa maziwa?"

"Tukipata."

"Ananawa mikono?"

"Ananawa."

"Na wewe je? Hebu tuone." Akamshika Eudosia vidole, akavigeuza kucha juu mbele ya benchi zima. Kucha zilikuwa na udongo wa viazi. "Anza hapa. Sabuni, mama. Sabuni ni bei rahisi kuliko daktari. Mwingine!"

Eudosia aliificha mikono yake ndani ya shali, akamwambia Nelida waende. Njiani binti akamuuliza kwa nini uso wake umekuwa mwekundu. Akamjibu ni upepo.

Siku iliyofuata aliswaga kondoo wake wawili hadi kwa mchinjaji. Alitaka bei ya soli mia tatu. Mchinjaji alimtazama mtoto aliyesimama karibu naye, mweupe mdomoni, akajua huyu mama hana muda wa kubishana, akampa mia moja na tisini.

* * *

Mji wa Huánuco uko chini sana kuliko kwetu, na huko hewa ni nzito na ya uvuguvugu kama maziwa. Walifikia kwa Saturnina, binamu yake Eudosia, aliyekuwa akiuza mikate sokoni. Saturnina aliwakumbatia wote wawili, akawapa uji wa mahindi wenye mdalasini, kisha akamvuta Eudosia jikoni.

"Dada, hiyo haiambukizi?"

"Si ugonjwa wa kuambukiza."

"Najua, najua. Ila nina watoto." Kesho yake asubuhi kikombe cha Nelida kilikuwa kimewekwa peke yake, kwenye dirisha. Eudosia alikiona.

Damu ilitolewa Jumatano. Ijumaa waliingia kwa daktari, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani kwa uzi shingoni. Alisoma karatasi, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Kiwango kinatakiwa kisizidi tano," alisema. "Wake ni arobaini na moja."

Kisha Nelida, ambaye siku zote alipenda kuulizwa, akadhani ameulizwa. Akaanza kuhesabu imezidi kwa kiasi gani. Midomo ilicheza, vidole vikakunjuka na kukunjika juu ya paja. Akapotea katikati, akarudi mwanzo. Eudosia alitaka kumwambia aache, daktari akamzuia kwa kiganja. Wakasubiri. Nje muuza machungwa alipita, akapiga kelele zake zote, akatokomea.

"Thelathini na sita," Nelida alisema hatimaye, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha kwa haraka, kabla jibu halijampotea: "Chanya. Ni chanya, daktari, siyo hasi."

"Vizuri sana," daktari alisema. "Hesabu yako ni sahihi kabisa."

Alimtoa nje kwa muuguzi akapimwe uzito, kisha akamgeukia mama.

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Mgodini."

"Nguo za kazi anavulia wapi?"

"Nyumbani. Kampuni ilifunga bafu la wafanyakazi miaka minne iliyopita. Maji ni ghali, walisema."

"Nani anazifua?"

"Mimi."

"Kwenye nini?"

"Kwenye karai."

"Na watoto wanaogea wapi?"

Eudosia aliliona akilini karai lile la bati, limeegemea ukuta wa jiko pale nyumbani, na mstari wa kijivu ambao hata usugue vipi hautoki.

"Mlemle," alisema.

Daktari aliandika. Alieleza mambo mengi: dawa ambazo zingetolewa palepale, mtoto asirudi Yanapampa, maziwa, mayai, vumbi lisifagiliwe kavu. Alisema risasi nyingi itapungua kwenye damu, lakini kichwani hakuna anayejua kitarudi kiasi gani. Eudosia aliitikia kila neno. Mwisho akauliza:

"Mtoto wa miaka sita. Aliyekuwa anasahau jinsi ya kufunga vifungo. Tumbo linamuuma hadi anajikunja. Kisha siku moja anaanguka, anatetemeka, haamki. Huyo naye?"

"Ni nani?"

"Nauliza tu."

"Mtoto ambaye sikumwona siwezi kumsemea, mama." Daktari aliweka kalamu chini. "Lakini ndiyo. Inawezekana kabisa. Watoto wadogo ndio huumia zaidi."

Kwetu walisema Abeli alishtushwa na ziwa, roho yake ikabaki majini. Bibi mmoja alimpaka yai na majani, akaiita roho yake kwa jina pembeni mwa maji, siku tatu mfululizo. Na kila jioni, ili awe safi mbele ya yule bibi, mama yake alimwogesha.

* * *

Alimwacha Nelida kwa Saturnina, akapanda basi kurudi juu. Kwa saa tatu alijifunza sentensi moja, akiirudia kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Zosimo alikuwa ametoka zamu. Eudosia alimkuta mezani amekaa na koti lake, hakuna moto, hakuna chakula. Zosimo aliona mkewe hakurudi na mtoto, akanyoosha mkono. Eudosia akampa karatasi ya daktari. Aliisoma kwa kidole.

"Arobaini na moja."

"Inatakiwa isizidi tano."

"Yuko wapi?"

"Kwa Saturnina. Anaanza dawa. Hatarudi huku, Zosimo. Na mimi nitakwenda kukaa naye."

Eudosia alitarajia kelele. Hazikuja. Akamweleza habari ya vumbi, ya nguo, na ya karai, akisema "nguo" bila kusema za nani, na "karai" bila kusema nani aliyefulia humo. Zosimo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisimama, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka nalo uani akiwa amelishika mbali na mwili wake. Alisimama na fulana tu kwenye baridi ile, hajui pa kuliweka.

Eudosia alimfuata hadi mlangoni.

"Ulimuuliza daktari habari za Abeli?" Zosimo alisema. Hakugeuka.

Jibu la swali hilo ndilo alilojifunza saa tatu nzima kwenye basi.

"Sikuuliza," Eudosia alisema. "Kwa yale mambo mengi, nilisahau."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

"Vizuri," Zosimo alisema. Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyelipwa sawasawa. "Vizuri." Akaketi juu ya jiwe la kufulia, na koti likiwa magotini mwake. Mkewe alikaa naye, wakalitazama.

* * *

Mwalimu Rufino alihamishwa kabla mwaka haujaisha. Hakuambiwa ni kwa sababu gani, naye hakuhitaji kuambiwa. Katika wale watoto saba, watano walipimwa. Wote walikuwa juu ya thelathini.

Huko Huánuco Eudosia alipata kazi ya kukanda unga usiku kuamkia alfajiri, kwa tajiri yuleyule wa mikate aliyemwajiri Saturnina, na wakapanga chumba kwenye nyumba ya uani yenye bomba moja la wapangaji wote. Shuleni Nelida aliwekwa madarasa mawili nyuma. Watoto walimpa jina la Bibi kwa sababu ya urefu wake na kujibu kwake polepole. Damu ilishuka hadi ishirini na mbili, kisha kumi na saba. Piramidi moja ilimchukua alasiri nzima. Kuna siku alama zilimtii, na kuna siku alizitazama tu, na mama yake akajifunza kutouliza ni siku ipi. Tatu zake ziligeuka zikatazama panapotakiwa. Eudosia alijua kwamba anapaswa kufurahi, na alifurahi, lakini mara ya kwanza alipoziona zimenyooka alitoka nje akalia, kwa kuwa mwandiko ule mwingine ulikuwa umeondoka tena.

Zosimo aliendelea mgodini. Nani mwingine angelipa dawa? Alikuja kila baada ya Jumapili mbili. Alishuka kwenye basi na mfuko wa nguo nyingine, akaingia uani, na kabla ya kumsalimia mtu alikwenda moja kwa moja bombani. Eudosia alimtundikia shuka kwenye kamba. Wapangaji walizoea kuchungulia kutoka ghorofani.

"Mwanaume gani huyu anaoga kabla ya kusalimia mke?" mama mmoja alicheka.

"Labda ametoka kwa mke mwingine!" mwenzake akajibu, na wote wakaangua kicheko. Zosimo alijipaka sabuni.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja alikaa nyuma ya shuka muda mrefu kuliko kawaida. Eudosia alisimama upande wa pili na taulo. Nelida alikuwa mlangoni pa chumba, mkono kwenye fremu, maana aliambiwa asimkimbilie baba yake mpaka aitwe.

"Eudosia," Zosimo aliita kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Siku ile, kwa daktari. Najua uliuliza."

Maji yaliendelea kutiririka. Eudosia angeweza kukana. Sentensi ile alikuwa bado anaikumbuka yote, neno kwa neno. Alipitisha mkono pembeni ya shuka akampa taulo, na Zosimo akalipokea pamoja na mkono, akaushika. Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ikajaa, ikafurika, maji yakawapita miguuni wote wawili.

"Nyie hapo chini! Fungeni bomba!" mpangaji mmoja akafoka kutoka ghorofani.

Zosimo aliuachia mkono, akafunga bomba.

"Baba, umemaliza?" Nelida aliuliza kutoka mlangoni. "Naweza kuja?"

Shuka lilitikisika kidogo. Eudosia alisikia bomba linafunguliwa tena, na sabuni ikisuguliwa juu ya ngozi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Bado, mwanangu," Zosimo alisema. "Bado kidogo."